Ugonjwa Asiokuwa Nao

Korona haikuingia katika nyumba ninayotaka kuisimulia. Hakuna aliyepimwa akakutwa nayo, wala aliyewekewa mashine ya oksijeni. Lakini mwaka 2020 ulipokwisha, mama wa nyumba hiyo alikuwa amekatwa mguu, mwanawe alikuwa amenyang'anywa tuktuk, na mkamwana alikuwa kwa wazazi wake Msambweni pamoja na watoto. Nyumba iko Likoni, nyuma ya barabara ya kwenda Mtongwe. Majina nayaacha. Kisa nimekiunga kwa mambo yaliyowapata watu wa zaidi ya nyumba moja, ili asinyooshewe mtu kidole, ila hakuna jambo ndani yake ambalo mkaazi wa Likoni atalisoma akasema halikuwako.

Kijana alikuwa akiendesha tuktuk ya mtu, kutoka feri mpaka Mtongwe na kurudi, na jioni akimpelekea tajiri hesabu yake. Kilichobaki ndicho cha unga, cha kodi ya nyumba na cha dawa za mamake. Bi mkubwa alikuwa na sukari na presha kwa miaka mingi, na kliniki yake ilikuwa Makadara, yaani Hospitali Kuu ya Pwani, ng'ambo ya pili ya kivuko. Haikuwa nyumba ya watu waoga. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipozama Mtongwe na watu 272 wakafa, huyu mama alikuwa miongoni mwa waliosimama ufuoni wakisubiri kutambua maiti. Likoni ilijifunza siku zile namna ya kubeba msiba: jamvi linatandikwa, khitma inasomwa, majirani wanalala papo hapo, na mfiwa haachwi peke yake hata akitaka. Mtu alilia mbele za watu, na kulia mbele za watu kulimponya nusu.

Balaa la 2020 liliwakataza watu kukusanyika. Tarehe 13 Machi aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini. Ndani ya siku chache shule zikafungwa, misikiti na makanisa yakafungwa, hoteli za Diani zikawarudisha wafanyakazi nyumbani, na matatu ya watu 14 ikaamrishwa kubeba 8. Kila alasiri nchi nzima ilikaa kwenye redio na televisheni kusubiri idadi ya wagonjwa wapya. Waziri alionya kwamba tukiendelea kuishi kikawaida, ugonjwa ungetutendea isivyo kawaida. Onyo lile lilikuwa la kweli. Lakini mtu wa tuktuk alilisikia akajiuliza: nisipoishi kikawaida, nitaishije? Nisipotoka leo, leo tutakula nini?

Kisha ikaja Ijumaa ya tarehe 27 Machi, siku ya kwanza ya kafyu ya saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Waliokuwa Likoni siku ile hawahitaji kusimuliwa. Kivuko kile huvusha takriban watu 300,000 kwa siku, na mchana ule kila mmoja wao alitaka kuwa ng'ambo kabla ya saa moja. Wabeba mizigo wa bandarini, wafanyakazi wa ndani kutoka Nyali, mama wauza mbaazi, wote wakakutana penye mteremko. Jua halijatua, saa ya kafyu haijafika, polisi wakaanza kurusha vitoa machozi na kuwachapa watu kwa virungu na fimbo. Watu waliokuwa wameambiwa asubuhi wasikaribiane kwa mita moja walilazwa chini na kurundikwa, huku wakikohoa kwa moshi na kujipangusa macho kwa mikono ambayo Wizara ya Afya ilikuwa imewaambia wasiipeleke usoni. Tarehe 1 Aprili Rais wa wakati ule, Uhuru Kenyatta, aliomba radhi kwa ukatili uliofanywa na polisi. Radhi ile ilisikika, lakini haikumfuata kila mtu nyumbani kwake usiku.

Kijana wetu hakupigwa. Alikuwa ndani ya tuktuk, upande wa Likoni, akisubiri abiria. Aliona mama wa makamo akikimbia na kiatu kimoja, beseni la viazi limemwagika nyuma yake, naye kasimama katikati ya njia hajui arudie viazi au aokoe macho. Alitaka kumwita apande. Sauti haikutoka. Akawasha tuktuk akaondoka bila abiria. Hakumweleza mtu yeyote alichokiona, si mkewe, si mamake, si wenzake wa stejini. Nalitaja hili kwa sababu wengi wanaposimulia kisa hiki huanzia kwenye simu na muguka, yale majani ya kutafuna, kana kwamba kijana alipotoka kwa ujinga. Mimi naanzia hapa. Aliondoka pale kivukoni na kitu kifuani, akakifungia.

Usiku wake ukawa wa simu. Kafyu imekwisha kumfungia ndani, watoto wamelala, mke amechoka, yeye yuko na mwanga wa kioo usoni. WhatsApp ilileta kila kitu: sauti ya mtu anayejiita daktari wa Italia akilia, video ya maiti zinazobebwa kwa lori, ujumbe kwamba maji ya moto na limau yanatosha, ujumbe mwingine kwamba usiku helikopta zitamwaga dawa. Alisikiliza mpaka saa tisa. Alidhani anajihadhari, anakusanya habari ili aiokoe familia yake. Mtu aliyeshikwa na wasiwasi hutafuta habari kwa nia hiyo. Ila habari za usiku hazikumpa kitu cha kufanya. Zilimpa kitu cha kuogopa, akaogopa, akatafuta nyingine ya kumtuliza, nayo ikamwongezea.

Wiki ya pili ya Aprili, Mombasa, Kwale na Kilifi zilipofungwa watu wasiingie wala kutoka, mwili wake ukaanza kusema. Alikuwa amelala chali, mara moyo ukaanza kumwenda mbio. Kifua kikabana. Akawa anavuta pumzi haifiki, anavuta tena, vidole vinamfa ganzi, kichwa chepesi, jasho jembamba. Mtu yeyote mwaka ule angesema nini? Kukosa pumzi ndiyo dalili iliyokuwa ikitangazwa kila alasiri. Alijua amekwisha.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana kutojua jambo hili kumewaumiza wengi. Hofu ina mwili. Mtu akiogopa, mwili humwaga adrenalini damuni, moyo hupiga kwa kasi ili misuli ipate damu ya kukimbilia, na pumzi huwa fupi fupi za haraka. Ukipumua hivyo kwa dakika kadhaa bila ya kukimbia popote, hewa ya kaboni dayoksaidi katika damu hupungua, na huko kupungua ndiko kunakoleta ganzi ya vidole, kizunguzungu na ile hisia ya kwamba pumzi haifiki. Kadiri mtu anavyovuta kwa nguvu ndivyo anavyozidi kuhisi anakosa hewa. Kwa kawaida shambulio la aina hii hupanda mpaka kilele ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka lenyewe. Haliui. Lakini aliye ndani yake anayahisi mauti waziwazi, na haifai kumwambia kwamba anajifanya. Wala si kila kifua kinachobana ni hofu, ndiyo maana mara ya kwanza inatakiwa mtu apimwe na mwenye kujua, asijihukumu mwenyewe gizani.

Kijana hakwenda kupimwa. Sababu yake ilikuwa na mantiki, nami siidharau. Wakati ule aliyeshukiwa aliwekwa karantini siku 14, na katika vituo vya serikali watu walikuwa wakitozwa kuanzia shilingi 2,000 kwa siku. Hesabu ya siku 14 ni shilingi 28,000, fedha ambazo hajawahi kuzishika kwa mkupuo. Tena serikali ilitangaza kuwa wanaovunja kafyu nao watapelekwa karantini, kwa hiyo mahali pa kutibiwa pakawa pia mahali pa kuadhibiwa. Tarehe 6 Mei ada za vituo vya umma ziliondolewa, lakini wakati huo habari ya zile 28,000 ilikuwa imeshakaa vichwani. Akichungulia mtaani aliona vilevile mtu akikohoa dukani watu wanavyomkimbia. Aliona katika simu mazishi ya usiku, watu wamevaa mavazi meupe wakishusha maiti kama wanaozika kitu kisicho na mama. Akaapa moyoni kwamba hakuna mtu wa nyumba yake atakayekanyaga hospitali mpaka haya yaishe.

Kiapo kile ndicho kilichokata mguu wa mamake.

Kabla sijafika huko, muguka. Kijana hakuwa mlaji. Wenzake wa stejini walimwambia ukipata kifuko kimoja na bigijii (chingamu) moja, mawazo yanakwenda zake. Gavana wa wakati ule, Hassan Joho, alipiga marufuku biashara ya miraa na muguka mwaka huo huo, lakini kifuko kilipatikana tu, kwa bei ya juu na kwa mlango wa nyuma. Jioni ya kwanza kweli alichangamka. Akazungumza, akacheka, akafagia ua saa nne usiku. Majani yale yana kathinoni, kichangamsho kinachofanana kazi na amfetamini: kinapandisha mapigo ya moyo na presha, kinafukuza usingizi, na kikiisha nguvu kinamwacha mtu na unyonge na wasiwasi kuliko aliokuwa nao. Kwa hiyo kijana aliyekuwa akiogopa kwa sababu moyo unamwenda mbio alikuwa kila jioni akinunua kitu cha kuupeleka moyo mbio. Saa nane ya usiku kifua kikibana alisema korona, si muguka. Kesho yake aliongeza kifuko ili asahau.

Nina uchungu na jambo hili. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipotoa amri ya kuuzuia muguka Mombasa, nchi ilibishana wiki nzima juu ya wakulima wa Embu, juu ya ushuru, juu ya mahakama na mamlaka ya kaunti. Sikusikia wengi wakiuliza vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanatafuta nini ndani ya kile kifuko. Huyu mmoja alitafuta usingizi wa moyo. Angeupata kwa mtu, lakini watu walikuwa wamefungiwa, na yeye alikuwa amejifungia zaidi.

Ramadhani ikaingia mwisho wa Aprili bila tarawehe msikitini. Kwa mwanamume wa mtaani hilo halikuwa jambo dogo. Tarawehe ndiyo saa anayosimama bega kwa bega na wengine, akitoka anakaa barazani na kahawa chungu, mtu anamtazama usoni anamwuliza, "Mbona umekonda hivyo?" Mwaka ule hapakuwa na bega wala baraza. Hakuna aliyemwuliza.

Nyumbani wasiwasi wake ulitafuta pa kutokea, ukatokea kwa hasira. Mtoto akipiga chafya anafokewa. Mke akirudi dukani anaulizwa amegusa nini, amezungumza na nani, kwa nini amechelewa. Akamkataza kupokea majirani. Siku moja maneno yakawa makali, mkono ukanyanyuka. Mwanamke hakulia kwa sauti, maana mkwewe alikuwa chumba cha pili. Njia zilipofunguliwa mwanzoni mwa Julai alifungasha nguo za watoto, akapanda matatu ya Lunga Lunga akashukia Msambweni kwao. Mwezi huo huo, kijana hajalala siku mbili, aliiparamisha tuktuk kwenye mkokoteni wa maji karibu na Peleleza. Hakuna aliyeumia sana. Tajiri alikuja, akatazama bodi iliyopinda, akachukua ufunguo.

Sasa mama. Bi mkubwa alikuwa amejikwaa mwezi wa Mei penye kizingiti cha choo, akapata mchubuko chini ya kidole gumba cha mguu. Mwenye sukari ya muda mrefu neva za miguu hufa pole pole, kwa hiyo kidonda hakiumi kama kinavyopaswa kuuma, naye hukanyagia tu. Mama alikiona kimepasuka, akakifunga kitambaa. Dawa za sukari zilikuwa zimebaki kidogo, akaanza kumeza kidonge siku moja na kuacha siku ya pili. Kliniki ya Makadara alikuwa amekosa mara mbili. Mwenyewe alikuwa na hofu zake, na hofu, kupitia homoni zilezile za mwili kujihami, hupandisha sukari damuni hata kama mtu hajala kitu kitamu. Alikuwa akimsikia mwanawe usiku akihema ukutani. Akasema moyoni: huyu ana mzigo wake, nisimwongezee. Kijana naye alikuwa akimwona mamake haendi tena kibarazani, akasema: nisimwulize, nikimwuliza akasema anaumwa itanibidi nimpeleke. Kila mmoja alikuwa akimsitiri mwenziwe kwa kunyamaza. Sijui upendo mwingine uliofanya madhara kiasi kile.

Jirani yao alikuwa nesi mstaafu, mama mwenye heshima zake, aliyezalisha nusu ya watoto wa mtaa. Alimpitia kijana mlangoni mwezi wa Agosti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mamako hajambo? Mbona simwoni kibarazani?"

"Hajambo. Amepumzika tu."

"Amepumzika tangu Idi? Hebu nipishe nimwamkie."

"Shangazi, hizi siku za korona..."

"Nimevaa barakoa, nimenawa, na nitakaa mlangoni. Nipishe."

Kabla hajafika kitandani alikuwa ameshajua. Wauguzi wanaijua harufu ile ya kidonda kilichooza. Alifungua kitambaa, akatazama kidole kilichokuwa cheusi na wekundu uliopanda hadi kwenye kifundo, akafunga tena pole pole, kisha akatoka uani. Hakumfokea. Alimwambia, "Mwanangu, hiki kidonda kina miezi. Mwaficha nini?" Na kijana, ambaye tangu Machi hajamweleza mtu lolote, akaanza kuhema palepale, mkono kifuani. Shangazi alimkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akamwambia asivute pumzi kwa nguvu, atoe. Avute taratibu huku akihesabu hadi nne, atoe kwa hesabu ya sita, kama anayepuliza chai. Akamtajisha vitu anavyoviona pale uani: kamba ya nguo, kuku, mwarobaini, kandambili ya mtoto. Dakika chache pumzi zikarudi mahali pake. "Una homa?" Hana. "Unakohoa?" Hapana. "Tangu lini haya?" Ndipo kisa cha yule mama wa viazi kikatoka kwa mara ya kwanza, kwenye mwezi wa tano tangu kimwingie.

Bi mkubwa alivushwa siku ile ile. Makadara walifanya waliloweza. Kidole hakikuokoka, kisha mguu ukakatwa chini ya goti ili sumu isipande. Waliomtibu waliwaambia wazi kwamba angeletwa wiki za mwanzo, kidonda kile kingesafishwa, sukari ingeteremshwa, na huenda angerudi nyumbani na miguu yake miwili.

Nyumba hii haikuwa peke yake duniani. Afrika Magharibi wakati wa Ebola ya 2014 hadi 2016, watu waliziogopa zahanati, na malaria, uzazi na surua vikaua watu ambao wangetibika. Ugonjwa mpya unapoingia, magonjwa ya zamani hayaondoki kuupisha. Mwenye sukari bado ana sukari, mwenye mimba bado atajifungua, mwenye kifua kikuu bado anahitaji dawa kila siku. Wasiwasi humfanya mtu aione hatari moja tu, ile inayotajwa redioni, na zile alizoishi nazo miaka yote zikatoweka machoni pake. Ndiyo sababu nasema kutuliza watu wakati wa maradhi ya kuenea si anasa ya baadaye, baada ya barakoa na vitanda. Ni sehemu ya tiba yenyewe.

Nasi tulitulizwa kwa nini? Pale Likoni pakawekwa kibanda cha kupulizia abiria dawa, watu wakipita ndani yake kama nguo zinazopigwa unyunyu kabla ya kupasiwa. Mwezi wa Mei Shirika la Afya Duniani likaeleza kwamba kumpulizia mtu dawa hakumwondolei virusi alivyonavyo mwilini, tena kunaweza kumdhuru macho, ngozi, na hata nafsi. Kwa abiria ujumbe ulikuwa mmoja: virungu siku ile, dawa siku hii, wewe ndiye uchafu. Mambo mema yalikuwako pia, nami nayataja kwa haki. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lilikuwa na laini ya bure, 1199, ambayo mtu angepiga akazungumza na mshauri nasaha. Wahudumu wa afya ya jamii walitembea nyumba kwa nyumba na sabuni. Kijana aliiona ile namba ikipita chini ya kioo cha televisheni. Alidhani ni ya wendawazimu.

Hapo ndipo penye kazi kubwa. Kwetu mtu akisema "nina mawazo" anajibiwa "muombe Mungu", na mazungumzo yanaishia hapo. Kumwomba Mungu ni haki na ni dawa, sibishani na hilo. Lakini hata katika dini hiyohiyo Mtume (SAW) aliwafundisha watu wa mji wenye tauni wasitoke na wa nje wasiingie, yaani dua pamoja na hatua. Mwenye mawazo naye anahitaji hatua: kulala, kula kwa wakati, kuiweka simu chumba kingine usiku, kusikiliza taarifa mara moja kwa siku kutoka mahali panapoaminika kisha kufunga redio, kuacha muguka na vidonge vya usingizi vinavyonunuliwa bila cheti, na juu ya yote, kumwambia mtu mmoja. Akiona wiki mbili zimepita hali ni ileile, hali chakula wala halali, au akianza kuona afadhali asingekuwako, basi aende kituo cha afya kama anavyokwenda na malaria. Port Reitz, upande wa Changamwe, kuna kitengo cha afya ya akili tangu zamani. Watu wanapita mbele yake kila siku wakidhani hakiwahusu.

Mtu wa kuambiwa si lazima awe bingwa. Kule Harare, Zimbabwe, mtaalamu wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mtaani namna ya kukaa na mtu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, kumsikiliza, na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na wale bibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mombasa tuna mabaraza kuliko mji wowote ninaoujua, na tuna manesi wastaafu, makungwi, maimamu, mama wachungaji, watu ambao sauti yao peke yake inashusha bega. Shangazi wa kisa hiki alikuwa nyumba ya tatu. Miezi mitano alikuwa nyumba ya tatu, na hakuna aliyempa kazi hiyo wala mafunzo, wala barakoa ya kuingilia kwa watu.

Kikosi kazi cha afya ya akili kilichoongozwa na Dkt. Frank Njenga kilikabidhi ripoti yake Julai 2020, kikipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la dharura la taifa. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Daraja la kuelea la Liwatoni lilifunguliwa mwanzoni mwa 2021 kuwapunguzia watu msongamano wa feri. Mwisho wa Julai 2024 mpox ikatambuliwa Taveta, ikafika Mombasa, na simu zikaanza tena: sauti za madaktari wasio na majina, picha za ngozi za watu wa nchi nyingine. Katika nyumba ile, bi mkubwa ana magongo na kliniki yake hakosi. Mwanawe alipata tuktuk nyingine kwa tajiri mwingine, muguka ameuacha akaurudia akauacha tena, na watoto huwaona wakati wa likizo.

Kaunti ya Mombasa huita wananchi kila mwaka kutoa maoni juu ya bajeti. Mtu wa Likoni akipewa nafasi ya kusema, na aulize hivi: siku ugonjwa mwingine utakapotangazwa, mbali na askari, ni nani atakayesimama pale mteremkoni? Kutakuwa na meza ya nesi mwenye kipimo cha presha na sukari, upande wa Likoni na upande wa kisiwani? Kutakuwa na mtu aliyefundishwa kusikiliza, anayelipwa, asiyeandika jina la mtu kwa ajili ya polisi? Dawa za sukari na presha zitaletwa huku kwetu, ili mzee asilazimike kuvuka kuzifuata? Aulize imetengwa shilingi ngapi, na akijibiwa kwamba jambo hilo litaangaliwa, aombe majibu kwa maandishi.